Waya Usiolishwa

Raudha alimpigia simu Demetria Jumanne asubuhi, akamkuta kibandani kwake Tegeta amefungua redio ya gari, vipande vimetapakaa mezani.

"Deme, dada anakuita," alisema. "Kuna kitu chumbani kwa marehemu hakitaki kuzimika."

"Si mchomoe ukutani?"

"Tumechomoa kila kitu. Tumezima mpaka swichi kubwa ya nyumba. Njoo wewe. Fundi mwanamume hawezi kuingia humu, dada yuko eda."

Demetria akaufunika mzigo wa watu kwa kitambaa, akafunga kibanda. Nyumba ile hakuweza kuikatalia jambo. Marehemu alikuwa Mzee Khalfani, aliyemfundisha kazi. Miaka thelathini mzee yule alitengeneza mizani ya malori kwenye ghala moja kule Temeke, na alipostaafu akafungua kibanda Tegeta. Siku moja akaja msichana wa Kihaya na cheti kipya cha ufundi mkononi, hana pa kufanyia kazi. Mzee alimtazama, akasogeza stuli kwa mguu, akasema, "Kaa." Walikaa meza moja miaka sita. Maneno waliyosemezana kwa siku nzima angeyamaliza kinyozi kwa mteja mmoja, lakini Demetria hakumbuki siku aliyojiona mpweke pale.

Nyumba ilikuwa Madale, kwenye mteremko, ukuta wa mbele umepakwa chokaa na wa nyuma bado matofali matupu. Bi Tunu, mjane wa marehemu na dada yake Raudha, alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni katika nguo nyeupe za eda, tasbihi mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kakione kwanza, halafu urudi unieleze. Mie humo siingii tena peke yangu."

Chumba cha marehemu kilikuwa kidogo na safi. Meza, kiti, rafu ya daftari. Juu ya meza palikuwa na alama ya vumbi ya mstatili, mahali palipokuwa na kompyuta. Mudathir, mpwa wa marehemu, aliichukua siku ya hitma, wiki tano zilizopita. Kilichobaki ni kioo kidogo cha kijivu kilichong'olewa kwenye mizani ya zamani, ukubwa wa kiberiti, na nyuma yake waya mwembamba uliopenya tundu la ukutani na kutoka nje. Kwenye kioo palisomeka namba nyeusi, kama za kikokotoo: 2140.

Demetria akakigeuza. Nyuma kulikuwa na sakiti ya ukubwa wa kidole gumba, imemwagiwa nta ya mshumaa isiingie unyevu. Aliitambua mara moja. Ilikuwa kigeuzi, kile kinachopokea namba zinazotoka mbali kwenye waya na kuzigeuza zisomeke. Vigeuzi vya dukani huwa na chaja yake. Vya Mzee Khalfani havikuwa nayo. Aliviunda vile alivyojifunza ghalani, ambako mizani ilikuwa mbali na ofisi na umeme haukufika: vinyonye umeme kutoka kwenye waya uleule wa data.

"Waya wa data hata ukiwa kimya una volti," alimwambia Demetria mwaka wa kwanza. "Kompyuta inaushikilia tu, haisemi kitu. Ukichota kidogo hapo, kigeuzi kinaishi." Halafu akacheka, jambo lisilo la kawaida kwake. "Kinakula mezani pa watu na hakimwagi mchuzi."

Akarudi sebuleni, akakaa kwenye ncha ya mkeka.

"Hakuna maajabu, Mama. Hakitumii umeme wa nyumba. Kinalishwa na waya wake. Ilikuwa kompyuta ndiyo inalisha, na sasa haipo, basi kuna kitu kingine upande wa pili kinachoushikilia. Waya unakwenda wapi?"

Bi Tunu aliacha kuvuta tasbihi. "Sijui. Nilimuuliza siku anauchimbia, akasema anapima maji ya mvua. Sikumuuliza tena. Tulikuwa na mengi hatuulizani."

Demetria akatoa mita yake begini, akaenda kugusa ncha za waya. Volti tisa, upande wa hasi, zimetulia tuli. Alitegemea labda aone umeme unaotetemeka, wa kuokotwa na waya mrefu ukipita karibu na nguzo. Huu haukutetemeka hata kidogo. Akauchomoa waya, namba zikafifia na kupotea. Akaurudisha, zikatokea polepole, kama mtu anayefumbua macho. 2140.

"Nitaufuata," akasema.

Waya ulitoka ukutani, ukaingia kwenye bomba jeusi la plastiki, ukapita chini ya uzio wa michongoma na kushuka bondeni. Palipokuwa na mmomonyoko bomba lilikuwa wazi, penginepo alilazimika kuchokora udongo kwa bisibisi. Alihesabu hatua mia tatu na kidogo. Waya ukapanda tena na kuishia kwenye kiwanja chenye pagale, nyumba iliyoachwa kwenye linta bila paa, mti wa mpapai umeota sebuleni. Mzee mmoja alikuwa akinyweshea matuta ya mchicha. Alisema jina lake Gozbert, anawatunzia wenyewe kiwanja, na wenyewe hajawaona mwaka wa nne huu.

"Umetoka kwa Khalfani," alisema, akiutazama waya mkononi mwake. "Alikuwa anakuja kila Ijumaa akitoka msikitini. Anapaka grisi bawaba, anaondoka. Pole sana."

"Bawaba za nini, baba?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Nyuma ya pagale, kwenye majani marefu, palikuwa na kisima cha pete za zege chenye mfuniko wa chuma.

"Unanyweshea kwa maji haya?"

"Hapana. Nachota bomba la jirani. Hiki nilikikuta kimefungwa, nikaambiwa nisikifunue."

Kando ya mfuniko palikuwa na kiboksi cha plastiki. Demetria akafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na kigeuzi kingine, nta ileile, mkono uleule, na kutoka kwake waya mfupi ulioshuka kwenye boya la kupimia kimo cha maji. Akatafuta betri. Akatafuta paneli ya jua juu ya pagale, kwenye miti, kwenye majani. Akamuuliza Gozbert kama wezi wamepita.

"Hapakuwahi kuwa na paneli hapa," alisema Gozbert. "Ningeiona mimi."

Demetria akakaa kwenye pete ya kisima kufikiri. Kigeuzi hiki nacho kilikuwa cha kunyonya. Kilitegemea waya, na waya ulikwenda mpaka kwenye kile cha nyumbani, ambacho nacho kilitegemea waya. Hiki kilikula kwa kile na kile kilikula kwa hiki, na baina yao hapakuwa na aliyepika. Akapima tena palepale. Volti tisa.

Alishtukia amesimama. Hakukumbuka kuinuka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Akampigia Raudha, akamwomba ampe Bi Tunu simu, waingie wote wawili chumbani na wamsomee namba. Akainua mfuniko. Maji yalikuwa chini kama mita tatu, meusi na laini. Akamulika kwa tochi ya simu yake ya pili, ile ndogo. Fimbo ya boya ilikuwa na mistari ya rangi nyekundu, na maji yalikaa kwenye mstari mmoja bila kusogea.

"Elfu mbili, mia moja arobaini," sauti ya Bi Tunu ilisema sikioni.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka juu ya kilima.

"Hamsini na mbili," alisema Bi Tunu. "Hamsini na tisa. Sitini na tano. Deme, imesimama sitini na tano."

Demetria alikuwa akiitazama fimbo. Maji hayakuwa yamepanda. Hayakuwa na hata kiwimbi. Mstari ulikuwa uleule.

"Inashuka sasa," alisema Bi Tunu. "Polepole. Sitini. Hamsini na moja. Umetumbukiza nini?"

"Sijatumbukiza kitu, Mama."

Alipogeuka alimwona Gozbert ameenda mwisho kabisa wa matuta yake, amewapa mgongo. "Saa hizi sikaagi huko," alisema bila kugeuka. "Wewe funika, mama, uende nyumbani."

Akafunika. Alirudi kwa njia ya barabara, hakutaka tena kufuata bonde.

Chumbani, Raudha alikuwa ameshusha daftari za kwenye rafu. Zilikuwa tisa, zimejaa mwandiko mdogo wa Mzee Khalfani. Kila mstari tarehe, saa, na namba mbili. Miaka kumi na moja, kila siku ya Mungu, saa ya alasiri. Ndiyo maana alikuwa akitoka kibandani kila siku kabla ya alasiri. Maji yalipanda na kushuka kwa masika na kiangazi, lakini tofauti baina ya namba ya kwanza na ya pili haikubadilika. Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini na tano. Siku alizolazwa hospitali, mistari ilikuwa mitupu, na aliporudi akaanza upya.

"Hizi ni milimita," Demetria alisema. Alikuwa anaongea ili asinyamaze. Akachukua kalamu, kama alivyofundishwa kupima mzigo kwa maji yanayosukumwa: eneo la ndani ya pete, mara kimo kilichopanda. "Kisima kina upana wa mita moja. Maji yakipanda hivyo, ina maana kimeingia kitu cha ujazo wa lita ishirini hivi. Kama ndoo kubwa iliyojaa."

"Kilo ngapi?" aliuliza Bi Tunu.

"Inategemea. Kama ni kitu kinachozama kidogo kidogo, kisicho jiwe wala chuma..." Akaiweka kalamu chini. "Kama kilo ishirini."

Raudha aliziba mdomo kwa upande wa kanga, akatoka nje.

"Mwanetu Nusaiba alikuwa na kilo ishirini," Bi Tunu alisema. "Wiki ile alikuwa na malaria. Walimpima zahanati ili wajue vidonge vingapi. Nesi akasema ishirini kamili, nikafurahi, maana alikuwa mwembamba. Alikuwa na miaka sita."

Demetria alikuwa amekaa meza moja na mtu huyu miaka sita, na hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Kisima kile wakati huo kilikuwa wazi," Bi Tunu aliendelea. "Mie nilikuwa nimekwenda Tegeta kununua samaki. Baba yake alikuwa nyumbani anatengeneza redio ya mtu. Alimwona anatoka na kikopo chake, akadhani anakwenda kucheza kwa jirani. Alasiri. Nilipofika nikamwuliza mume wangu, ulikuwa wapi? Mara moja tu. Sikurudia, na yeye hakunijibu, na tukaishi hivyo miaka kumi na saba." Akakigusa kioo kwa ncha ya kidole. "Kumbe alikuwa ananijibu humu ndani."

"Nikate waya, Mama?"

"Usikate. Eda yangu ina wiki saba bado. Subiri nitoke."

Wiki hizo saba hazikuwa nzuri kwa Demetria. Jioni moja aliunda vigeuzi viwili vya namna ileile, akaviunganisha kwa waya wa urefu uleule uliozungushwa kwenye kigogo, bila kompyuta. Mita ikaonyesha sifuri. Akabadilisha hiki na kile, sifuri. Akafurahi kwa muda mfupi, kisha akaona hakuna cha kufurahia, maana kile cha Madale kilikuwa kikiendelea. Raudha alimpa habari kwa simu. Dada yake sasa anaingia chumbani mwenyewe kila alasiri, anaketi kwenye kiti cha marehemu, namba zikianza kupanda anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na zikisimama anasema kwa sauti ya chini, "Mshike. Mshike, mshike." Halafu zinashuka.

"Kila siku anatumbukia upya," Bi Tunu alimwambia Demetria alipokwenda kumjulia hali. Uso wake ulikuwa umeingia ndani. "Mume wangu aliona hivi miaka kumi na moja, na hakuja kunishika mkono. Nilimkasirikia sana wiki ya kwanza. Sasa nashangaa tu aliwezaje kula chakula cha usiku."

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Bi Tunu alioga, akavaa gauni la kijani na kujitanda kanga mbili, akakataa kusindikizwa.

"Raudha abaki na uji jikoni. Wewe kaa na namba. Uniambie ukweli wa unachokiona, hata kikiwa kibaya."

Akashuka bondeni na mwavuli mkononi, polepole, mama wa miaka sitini ambaye hajatembea zaidi ya ua wake kwa miezi minne na siku kumi. Demetria alimwangalia dirishani mpaka michongoma ikamficha. Akakaa kitini. 2140.

Simu ikaita. "Nimefika. Mzee huyu amenifunulia na ameondoka. Namba?"

"Elfu mbili, mia moja arobaini, Mama."

"Maji ni meusi," alisema Bi Tunu. Kisha zikasikika pumzi yake na sauti za ndege wa bondeni. Demetria akaiweka simu mezani, sauti wazi. Adhana ikaanza, akaisikia mara mbili, dirishani na simuni, ile ya simuni ikichelewa kidogo.

Namba haikupanda.

"Nusaiba," sauti ya Bi Tunu ilisema ndani ya simu, kwa utulivu, kama mtu anayemwita mtoto aje avae viatu. "Mama amekuja. Nimechelewa, najua. Nilikwenda mbali kununua samaki. Njoo, mwanangu. Njoo huku kwa mama, nipe mkono. Na huo mwingine."

2139.

Demetria akakisogelea kioo. 2134. Haikuwahi kushuka chini ya arobaini kwa wiki zote zile. 2128. Ilishuka kidogo kidogo, ikisita, kama kitu kizito kinachovutwa na mtu asiye na nguvu nyingi. 2121. Simu ilitoa mkwaruzo wa kitambaa kwenye zege. 2117, 2116.

2115.

Ikasimama hapo. Ishirini na tano kamili, chini.

"Mama," Demetria aliita. "Mama, imeshuka. Imeshuka na hairudi."

Simu ikakatika. Namba zikabaki kwenye kioo muda wa kuvuta pumzi tatu au nne, kisha zikafifia. Akagusisha mita kwenye ncha za waya. Sifuri. Akabonyeza vizuri zaidi, akabadilisha ncha. Sifuri, na sifuri.

Alitoka uani, akamkuta Raudha amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Wote wawili wakatazama njia. Muda ulipita mrefu kuliko ule wa kushuka. Ndipo Bi Tunu akatokea penye michongoma. Mwavuli hakuwa nao. Kanga moja ilikuwa kichwani, na ile ya pili alikuwa ameizungusha kifuani na kuifunga fundo kwa mbele. Alitembea ameinama kidogo, mikono yote miwili ameipeleka nyuma kiunoni, vidole vimeshikana. Hatua zake zilikuwa fupi na za uangalifu. Nyuma yake kanga ilikaa wima mgongoni, haikupepea, ingawa upepo wa alasiri ulikuwa ukivuma na kutikisa nguo zote kwenye kamba.

"Dada," Raudha alisema, akasogea amsaidie.

Bi Tunu akageuza bega, akampita kwa upande. "Taratibu," alisema kwa kunong'ona, na haikujulikana anamwambia nani.

Alipofika mlangoni akainama sana, chini zaidi ya ilivyohitajika kwa mtu wa kimo chake, akaingia. Demetria alisikia nyayo zake zikipita sebuleni, zikipita chumba cha marehemu bila kusimama, zikaingia chumba cha kulala. Kitanda kikalia, kama mtu aliyeketi kwa upole ukingoni.

"Raudha," sauti yake ilitoka ndani, changamfu kiasi cha kumfanya Raudha aangushe mwiko. "Tupe uji kwanza. Halafu tuwekee maji ya kuoga. Yawe vuguvugu tu, yasiwe ya moto sana."

Raudha alimtazama Demetria. Demetria akaokota mwiko, akausuuza bombani, akaingia jikoni na kubandika sufuria ya maji. Aliketi kwenye kigoda mbele ya jiko, na kila baada ya muda akatumbukiza kidole kuyapima, mpaka yalipofaa.